Skrini Mpya ya Bi Rabia

Katika ofisi ya mradi wa maji pale Kibondo, monita mpya ziligawiwa kama nyama ya shughuli: wakubwa kwanza, wengine wasubiri mifupa. Ikifika mpya, inakwenda kwa mhandisi mkuu. Ya mhandisi inashuka kwa mhasibu, ya mhasibu inashuka kwa mtunza stoo, na ya mtunza stoo inamwangukia Bi Rabia, katibu muhtasari, ambaye ndiye aliyechapa barua za watu wote hao na kukodolea skrini macho kuliko wote kwa pamoja. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuuvunja. Mtunza stoo alitumia kompyuta yake kucheza karata tu, lakini cheo ni cheo.

Ndiyo maana wakati ambao hata vibanda vya kuchapa pale stendi vilikuwa na skrini bapa, Bi Rabia alikuwa bado na monita ya chogo, dude zito lililokula nusu ya meza na kutoa joto mchana kutwa. Alilichukia kwa moyo wake wote. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Kondoa, aliyeletwa Kibondo na kazi akakaa, na mdomo wake ulikuwa hauna breki.

"Dude hili linanilia maneno!" alikuwa akisema, huku akilipiga kofi la ubavuni. "Nikiandika 'kijiji', mimi naona 'kiji'. Hiyo 'ji' nyingine imekwenda kulala wapi?"

Hakuwa anatia chumvi. Kona za skrini zilikuwa na kiza, na kila mstari ulipofika mwishoni ulififia. Ilimbidi ageuze kichwa kulia, kisha kushoto, ndipo sentensi ikamilike. Jioni alitoka ofisini na kichwa kinamgonga, na barua zake zilianza kuwa na makosa ambayo zamani hangeyafanya hata akiwa na homa.

Wenzake walikubaliana naye papo hapo. Hakuna hata mmoja aliyekalia kiti chake akatazama alichokuwa akikitazama. Kulikuwa na haja gani? Monita yenyewe ina chogo, umri wake ni wa mtoto wa sekondari, kwa vyovyote imechoka. Ofisini ukisema kifaa chako cha zamani ni kibovu, nani akubishie? Kila mtu anaombea chake nacho kiitwe kibovu siku moja.

"Hii imezeeka, mama," alisema Majaliwa, yule mtunza stoo, Muha wa hapo hapo mjini, akiipigapiga mgongoni. "Haina dawa. Wewe andika barua, waibadilishe."

Bi Rabia akaandika barua. Mwaka wa kwanza alijibiwa kwamba fungu halikuwepo. Mwaka wa pili zililetwa monita mbili, zikaishia juu huko huko. Mwaka wa tatu akaandika tena, safari hii kwa maneno makali, na nakala kwa makao makuu.

Yapo mambo mengine yaliyompata katika miaka hiyo ambayo hakuyahusisha na monita, wala na kitu chochote. Alijigonga kwenye pembe ya meza, akamsema aliyeisogeza. Alimwaga chai akasema ni haraka. Na huko mtaani walianza kumteta kwamba yule mama wa Kondoa ana maringo, mtu anamsalimia "Mwakeye" akiwa ubavuni kwake naye anapita hivi hivi bila kuitika. Kwa Waha kuacha salamu bila jibu ni kumdharau mtu waziwazi. Alipoambiwa alicheka. Akasema atajitahidi kuwasalimia hata mbuzi.

Kilichomtia hofu kilikuwa mkataba. Kazi za mradi zilikuwa za mwaka mmoja mmoja, na kila Juni watu waliitwa mmoja mmoja kwa Mhandisi Cleophas kusaini upya au kuagwa. Bi Rabia alikuwa na mama mzee Kondoa na binti chuoni Dodoma, na wote wawili walitegemea kiti kile. Juni iliyopita Mhandisi aliyapitia makosa yake, akayaweka pembeni, akasema, "Haya ni ya monita, mama, si yako." Akasaini. Bi Rabia alitoka pale akiwa karibu kuibusu ile takataka ya chogo, maana ndiyo iliyomkingia kifua.

Basi mzigo ukafika. Maboksi matatu, yametoka Kigoma juu ya pikapu, yamefunikwa turubai na vumbi jekundu. Mhandisi Cleophas, mtoto wa Mabamba, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akawaita wote ukumbini na kuagiza chai na chapati. Halafu akafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika.

"Leo tunaanzia chini," alisema. "Kubwa kuliko zote, ile iliyoandikiwa mimi, ni ya Bi Rabia. Mimi nitabaki na yangu."

Watu wakapiga makofi. Mhasibu alipiga kwa vidole tu. Bi Rabia alishindwa kusema neno, na hilo peke yake lilikuwa habari. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akamshukuru bosi wake kwa kumwombea Mungu ampe watoto wenye huruma kama yeye.

Majaliwa aliing'oa ile ya chogo akaipakia kwenye gari la Kasulu, ipelekwe kwenye ofisi ndogo ya mradi kule. Mahali pake ikawekwa mpya, bapa, nyeusi, pana mpaka ikabidi vyungu vya maua viondoke. Nailoni yake ilikuwa imebandikwa juu ya kioo. Hakuna aliyefikiria kuibandua. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nguo siku ya kwanza. Kuna makochi mjini Kibondo yameolewa na kupewa talaka yakiwa bado na nailoni yake. Juu ya monita Bi Rabia akatandika kitambaa cha kufuma, cheupe, alichokuwa amekiandaa tangu barua ya pili.

Majaliwa akabonyeza kitufe.

"Eeeh!" wakasema wote. "Ona inavyong'aa! Hiyo si skrini, hilo ni dirisha!"

Bi Rabia alitazama. Katikati paling'aa kweli. Lakini pembeni, kulia na kushoto, kilikuwepo kile kile kiza anachokijua, kimekaa pale pale, na kwa kuwa skrini yenyewe ilikuwa pana zaidi, kiza nacho kilikuwa kimepata nafasi. Akasikia mkono wa Mhandisi begani.

"Vipi, mama? Unaona sasa?"

"Naona, Mhandisi," alisema. "Naona vizuri mno."

Hebu mwambie mtu aliyekupa sahani yake kwamba chakula hakina ladha. Lakini haikuwa adabu tu. Bi Rabia hakuwa amekata tamaa. Alikuwa ameshapata jibu, na jibu lilikuwa nailoni. Nailoni ndiyo inayoleta ukungu, alijiambia. Mtu gani ataona kitu kupitia nailoni? Asubuhi nzima alichapa akiwa ameshikilia wazo hilo, na saa ya chakula, wenzake walipokwenda kwa mama lishe, akafunga mlango, akakwangua kona ya nailoni kwa ukucha, akaivuta. Ilitoka yote kwa mkupuo mmoja, na mlio wake ulimwogopesha.

Akakaa. Akafungua barua. Akatazama.

Hakukuwa na kitu kingine cha kubandua. Alipitisha kiganja juu ya kioo, kikiwa kikavu na laini, akakifuta kwa mtandio, akakifuta tena. Akajaribu kuinamisha monita, akaigeuzia dirishani, akaigeuza ilipe dirisha mgongo. Kisha akaacha. Alikaa ameikunja ile nailoni mapajani, na kwa mara ya kwanza alijiruhusu kuwaza kitu ambacho alikuwa akikizunguka kwa muda mrefu, na akakifukuza haraka.

Wenzake waliporudi walimpigia kelele kwa kuivua nguo monita ya watu. Majaliwa alisikitika kama vile ameona mnyama akichunwa hai. Bi Rabia akacheka nao.

Wiki ile ile simu ikaita kutoka Kasulu. Alikuwa Reine, binti Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu ambaye mradi ulimwajiri kuingiza takwimu za visima.

"Maman Rabia, aksanti sana!" Reine alisema. "Ile ekra yako imefika. Iko muzuri, maman! Tulikuwa tunafikiri iko ya kufa, njo maana mulituma kwetu. Kumbe iko naonyesha bien, mpaka mu makona yote. Mungu akubariki."

"Makona yote?" Bi Rabia aliuliza.

"Yote, maman. Hakuna shida hata kidogo."

Bi Rabia akaitikia, akaomba amsalimie kila mtu, akaweka simu chini. Sasa hakuwa tena na wa kumsingizia. Na hapo ndipo alipokosea kuliko kote, maana mtu mwingine angeinuka akaenda hospitali. Yeye aliwaza Juni. Aliwaza Mhandisi aliyejinyima skrini yake, na mhasibu aliyepiga makofi kwa vidole, na jinsi wote watakavyosema: kumbe alikuwa yeye! Akaamua kujikaza. Atasoma polepole. Atageuza kichwa. Miezi michache tu, mkataba usainiwe, kisha ataangalia.

Alijikaza kweli. Alifika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Barua moja aliipitia mara nne. Lakini ile skrini ilikuwa haimsaidii, na hapa ndipo penye uchungu wake: ya chogo ilikuwa nyembamba, kila kitu kilimkalia katikati, pale ambapo bado alikuwa na nuru. Hii ya heshima ilitandaza mambo mpaka kwenye kingo, na kwenye kingo hakuwa na kitu.

Majibu ya vipimo vya visima yaliletwa kutoka Kasulu kwa kompyuta, yakiwa kwenye jedwali. Kushoto jina la kisima, katikati tarehe na vipimo, na kulia kabisa uamuzi: kitumike au kifungwe. Kazi ya Bi Rabia ilikuwa kuwaandikia viongozi wa kila kijiji. Siku hiyo aliandika barua nane, na kila asipoona neno 'kifungwe' alichukua kuwa ni kitumike. Ya kijiji kimoja upande wa Kagerankanda ilisema maji yao ni salama, waendelee.

Hayakuwa salama. Choo kilikuwa kimechimbwa karibu mno na kisima, na kipimo kilikuwa kimeonyesha hivyo. Watu waliendelea kuchota kwa amani, wana barua yenye muhuri. Habari zilipofika Kibondo, zahanati ya kule ilikuwa imejaa watu wa kuhara, watoto wengi, na mmoja, mtoto mchanga wa mama aitwaye Niyubahwe, alikuwa amekimbizwa Kasulu akiwa hana hata nguvu ya kulia.

Mhandisi Cleophas alikuja mwenyewe mezani kwa Bi Rabia, barua mkononi. Hakupandisha sauti. Hakuwa na sauti ya kupandisha.

"Mama, hii umeiandika wewe?"

"Ndiyo, Mhandisi."

"Wamesema kifungwe. Wewe umewaambia wanywe."

"Haikuandikwa kifungwe. Niliangalia."

Akafungua lile jedwali ili kumwonyesha. Mhandisi akamwita Majaliwa, kwa sababu hata wakati ule, Mungu amsamehe, wazo lake la kwanza lilikuwa monita. "Hebu angalia hii skrini, isije ikawa wametuletea feki."

Majaliwa hakuhitaji hata kukaribia. Alisimama mlangoni, funguo za stoo mkononi.

"Mbona iko vizuri? Kifungwe. Si hiyo hapo, kwa wino mwekundu?"

"Wapi?" Bi Rabia aliuliza.

Majaliwa akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mhandisi hakucheka. Bi Rabia akageuza kichwa kulia, akageuza zaidi, kidevu kikagusa bega, na neno likajitokeza kutoka gizani, jekundu, kubwa, limekaa pale tangu mwanzo.

Kisha Mhandisi akasema labda amechoka, akapumzike siku chache, akili ikitulia watazungumza. Bi Rabia akasema sawa. Alichukua mkoba wake, na alipotoka alipapasa fremu ya mlango kwa mkono.

Siku ya pili alipanda gari la Kasulu. Kwanza alikwenda wodi ya watoto. Yule mama, Niyubahwe, alikuwa ameketi kitandani, mwanae kifuani na mpira wa dripu umefungwa kwenye mguu mdogo. Mtoto alikuwa anaendelea vizuri, manesi walisema, ataishi. Bi Rabia alisimama pale na mfuko wa machungwa, akajitambulisha kuwa ni mtu wa mradi wa maji. Hakusema zaidi. Yule mama akamshukuru kwa kuja kuwaona, akamsogezea nafasi ya kukaa, na shukrani ile ilimwumiza kuliko matusi.

Kisha akavuka ua, akaenda kwa madaktari wa macho waliokuwa wamepiga kambi pale hospitali wiki ile. Alipanga foleni na wazee wenye fimbo. Zamu yake ilipofika, daktari, mwanamke wa Mbeya aitwaye Deborah, alimtia matone, akammulika jicho moja, akammulika la pili, akarudia la kwanza. Akamwagiza akakae kwenye mashine.

Ilikuwa kitu cheupe chenye umbo la bakuli kubwa. Nesi alimwekea kidevu mahali pake, akamziba jicho moja, akampa kitufe mkononi.

"Tazama katikati tu, mama. Kila ukiona nuru ndogo, popote pale, bonyeza."

Ikatokea nuru katikati. Akabonyeza. Nyingine, karibu na hapo. Akabonyeza. Kisha hakikutokea kitu. Alisubiri kwa adabu. Alisubiri mpaka shingo ikaanza kumkaza, akakumbuka ofisini umeme unavyopenda kukatika, akaona amsaidie nesi wa watu ambaye pengine hajagundua.

"Samahani, binti," alisema. "Mashine yenu imezimika."

"Haijazimika, mama," nesi alijibu taratibu. "Inaendelea. Tazama katikati."

Bi Rabia akatazama katikati. Hapo alielewa. Alikaa mbele ya bakuli lile tupu, kidole juu ya kitufe, akijua kwamba nuru zinawaka huku na huku, moja baada ya nyingine, na yeye hazimfikii. Machozi yalimtoka, nesi akadhani ni matone.

"Ni presha ya macho," Daktari Deborah alimwambia baadaye. "Haiumi, ndiyo maana watu hawaji. Inaanzia pembeni, inakula kuelekea ndani. Tutakupa dawa ya matone, utatumia maisha yako yote, ili kubakiza hiki kidogo cha katikati. Kilichokwenda hakirudi, mama. Nisikudanganye."

"Hata kwa miwani?"

"Hata kwa miwani. Hata kwa upasuaji." Daktari alishika kalamu. "Ulianza lini kuona kiza?"

"Miaka mitatu."

"Na ulifanya nini?"

"Niliandika barua," alisema. "Ya kuomba monita."

Daktari hakuelewa, ikabidi Bi Rabia amweleze yote, monita ya chogo na barua tatu na nailoni. Alipomaliza aliuliza lile swali ambalo hakutaka jibu lake. Je, kama angekuja mwaka ule wa barua ya kwanza? Daktari Deborah akaangalia dirishani, akasema kila mtu na ugonjwa wake, huwezi kujua. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameahidi kutomdanganya, akasema kwamba mwaka ule asingepoteza karibu chochote.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akisubiri kuitwa dirishani kuchukua dawa, simu ikaita. Mhandisi Cleophas. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu wa mtu aliyekosa usingizi akapata suluhisho.

"Bi Rabia! Nimefikiri sana. Kosa ni letu, ile skrini ni pana mno, tumekubebesha bila kukufundisha. Nimeongea na makao makuu, kuna monita nyingine zinakuja mwakani, zisizochosha macho. Nimeliweka jina lako la kwanza kabisa. Wewe vumilia kidogo tu."

"Lifute," alisema Bi Rabia.

"Mama?"

"Jina langu, Mhandisi, lifute. Hiyo skrini ni nzima. Na ile ya chogo ilikuwa nzima. Mimi ndiye sioni. Nimetoka kwa daktari sasa hivi, nimebaki na nuru ya kijishimo tu, na haitaongezeka."

Bi Rabia akamsikia Mhandisi akivuta kiti na kukaa.

"Mama yangu," alisema hatimaye, na ile sauti yake ndogo ilikuwa imepungua zaidi. "Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Kila siku niliwaambia sioni. Mkanijibu ni monita." Alifuta uso kwa mtandio. "Nami nikawaamini, maana nilitaka iwe ni monita."

Mhandisi alianza kusema kitu kuhusu Juni, akakiacha katikati. Dirishani waliita jina la Rabia, mara mbili, na mtu aliyekaa jirani yake akamshika kiwiko kumwelekeza upande ilikotoka sauti.